Mkanda wa Mita Tisa

Jumatatu, 3 Juni

Leo nimeanza kukonda. Sababu ni Arnau. Jumapili kikundi chetu kinapandisha mnara wa watu pale uwanjani, mtaa wa Gràcia, na kiongozi wetu, Mama Remei, amempanga Arnau asimame mabegani mwangu. Arnau ni daktari wa meno, hana mtu. Mimi nina miaka arobaini na sita, pamoja na kitambi. Kwenye programu ya simu tunakotafutana wapenzi, mashoga wote wa Barselona ni vifua visivyo na vichwa, na kila kifua kimechongwa. Picha yangu ni ya mwaka 2011. Nilikuwa mzuri mno!

Jumanne, 4 Juni

Kabichi asubuhi, mchana na jioni. Quim wa duka la nyama kaniuliza nani kafa. Quim naye ni shoga mwenzetu, ana kitambi kunishinda na hakifichi hata kidogo. Hana haya! Akasema, "Bibi harusi, hakuna aliyewahi kubeba mnara kwa kabichi." Nikishindwa, yeye ndiye atakayeshika nafasi yangu mnarani, na Arnau humwangalia sana. Namjua. Kikulacho ki nguoni mwako.

Alhamisi, 6 Juni

Nimenyolewa kifua na mgongo kwa nta ya moto. Yule bwana aliahidi haitaniuma. Mwongo! Nilipiga kelele mpaka mteja aliyekuwa akingoja akaenda zake. Sasa nafanana na kuku aliyenyonyolewa. Mizani inasema nimepungua gramu mia sita. Huenda ni nywele.

Ijumaa, 7 Juni

Mazoezi. Nimeona picha zangu za mazoezini. Msiba! Tatizo ni ule mkanda wa kiunoni, kitambaa cheusi cha mita tisa. Mwenzako anashika ncha, wewe unajizungusha mpaka mkanda wote unakwisha. Unalinda mgongo, na anayekupanda hukanyaga mikunjo yake kama ngazi. Sawa. Lakini unaninenepesha! Pipa lenye miguu.

Jumamosi, 8 Juni

Nimeukata. Mita tatu na nusu zinatosha, nikizibana vizuri. Kiuno cha nyigu. Akili ni mali.

Jumapili, 9 Juni

Mama Remei aliniuliza kama mkanda uko sawa. Nikasema uko sawa.

Nilikuwa ghorofa ya pili ya mnara, nimetulia. Arnau akapanda. Akatafuta mkunjo kwa kidole cha mguu. Hakuna. Akatafuta tena, akakanyaga hewa, akaniangukia, nami nikawaangukia walio chini, na mnara wote ukaporomoka. Hakuna aliyevunjika. Jino la mbele la daktari wa meno limemeguka kwenye kichwa cha Quim, aliyekuwa chini akiegemeza mnara. Mama Remei akashika ncha ya mkanda wangu akavuta. Mizunguko mitatu, basi, ukaisha. Uwanja mzima ulihesabu kwa sauti. Nilitamani ardhi inimeze.

Baadaye Arnau alinifuata. Hakukasirika, na hilo liliniuma zaidi. Alisema ni yeye aliyemwomba Mama Remei ampange juu yangu. Kwamba nikibeba watu husahau sura yangu, na hapo ndipo ninapompendeza. Kwamba kitambi alikiona tangu mazoezi ya Machi na hakikumkimbiza. "Kesho saa kumi na mbili jioni njoo tunywe kitu, mpumbavu wewe. Njoo ulivyo." Nilirudi nyumbani nikiimba.

Jumatatu, 10 Juni

Sikwenda kazini. Tangu saa mbili asubuhi niko mbele ya kioo najifunza kuonekana kama mtu aliyesahau sura yake. Si mchezo! Kidevu ukikisahau kinashuka. Upande wa kushoto unasahaulika vizuri, wa kulia bado. Saa kumi na mbili na nusu Arnau akaandika kuuliza niko wapi. Nikamjibu anipe mpaka Alhamisi.

Saa moja na robo Quim kanitumia picha. Yeye na Arnau mezani, sahani ya zeituni katikati, mkono wa Arnau begani kwake, wote wawili wanacheka vinywa wazi, jino lililomeguka liko nje, vitambi na videvu vyote hadharani. Hata mwanga hawakuutafuta. Nimewaonea huruma.