Gia Nne za Kurudi Nyuma

Jumamosi, 7 Agosti 2021. St Marys.
Lokdauni wiki ya sita. Kazi yangu ya ghalani, bandarini Port Botany, imesimama. Leo ajuza wa nyumba ya kona kasafisha banda lake, kanipa bure kigari cha mwaka 1958. Magurudumu matatu, viti viwili, mlango hakuna! Unafunua paa kama kawa la kufunikia chakula, unaingia. Mke wangu Fawzia akauliza miguu inawekwa wapi. Nimekifungua chote, hadi nati ya mwisho. Jirani yangu Bisimwa, Mkongo wa Bukavu, akachungulia juu ya ua wa mbao, akanishauri nipige picha kila kipande kwanza. Wivu huo! Kichwa ninacho.

Jumanne, 10 Agosti.
Vipande vimo kwenye masufuria ya Fawzia. Kipi cha wapi, sijui. La ajabu: injini moja, platini mbili za kutoa cheche! Kwa nini mbili? Nimewaza kutwa. Nimeamua moja ni ya akiba. Nimeitupa. Fawzia kakuta springi ya breki ndani ya pilau. Hatusemezani.

Jumapili, 22 Agosti.
Kutu imekwisha, nimepaka rangi ya manjano. Sakafu mpya nimeiunda kwa trei za kuokea (za Fawzia). Injini kimya. Nikabuni hila: kumuuliza Bisimwa bila kumuuliza. Nikamwambia nina rafiki Campbelltown mwenye kigari kama hiki, hakiwaki. Akauliza kama rafiki huyo naye ana rangi ya manjano puani. Akasema labda waya wa plagi wa huyo rafiki umelegea. Umelegea kweli! Kabahatisha tu.

Jumapili, 5 Septemba.
Imewaka! Mtaa mzima madirishani. Gia ya kwanza: nyuma. Ya pili: nyuma, kasi zaidi. Gia nne, zote nyuma! Nikaupasua ua hadi kwa Bisimwa.

Nilitegemea matusi. Alipiga magoti kwenye injini, barakoa kidevuni. "Ile platini ingine iko wapi, ndugu?"

Nikakiri. Akaeleza: kigari hiki kurudi nyuma ni kuizungusha injini kinyume. Platini moja ya kwenda, moja ya kurudi. Nimetupa ya kwenda!

 Alisema Bukavu alikuwa na gereji. Hapa ugenini miaka saba kazi yake ni kuogesha wazee, hajashika injini. Akaomba spana kwa sauti ya chini. Nikampa. Kutembeleana marufuku, basi kila mtu akabaki upande wake, kigari katikati ya mbao zilizovunjika. Mikono yake haikukosea hata nati moja. Sikujua kama mtu anaweza kutabasamu na injini.

Alhamisi, 9 Septemba.
Platini iliyobaki kaigeuza. Kigari kinakwenda mbele! Kurudi, basi tena. Bisimwa kazunguka uani kwake mara kumi na mbili; Fawzia kahesabu huku akipiga makofi. Mimi nikangoja zamu yangu. Nikaona haya kidogo. Ikapita.

Jioni Lazare, mwalimu wa kwaya ya Wakongo, alikuwa akipita kwa matembezi. Akauliza fundi nani. Nikasema mimi, peke yangu. Akafurahi: piano ya kanisa lao imekufa sauti nne, akauliza kama naiweza na piano.

Sijawahi kugusa piano maishani. Nimemwambia ailete Jumatatu.