Ulimi Wangu na Biskuti za Chereko

Alhamisi, 12 Juni
Ulimi kama wangu Mara nzima hakuna! Nikilamba sato nakwambia kavuliwa Makoko au kwingine. Shule niliiacha kidato cha pili, ikabaki inanililia. Leo supamaketi moja ya mtaa wa Mukendo imetoa biskuti zake za krimu, kuiga Chereko halisi. Pakiti nyekundu ile ile! Wamegeuza herufi moja tu: Cheleko. Baltazar, anayepanga bidhaa pale, anadai ladha ni moja. Tena mbele ya Marieta, msichana ninayemtaka! Nikasema nitazitambua nimefungwa macho. Akauliza naweka nini. Nikaweka jogoo.

Ijumaa, 13 Juni
Jogoo ni wa bibi, haya. Kamtuma kutoka Butiama kwa kipaimara cha mdogo wangu Lucy, keshokutwa. Lucy anaongelea paja la jogoo huyo tangu Pasaka. Atalipata. Mimi nashindwaga? Siri ninayo: ukiizungusha Chereko kuifungua, krimu yote inabaki upande mmoja. Cheleko inachanika huku na huku. Vidole vitaniambia. Ulimi upumzike.

Jumamosi, 14 Juni
Wizi mtupu! Marieta kanifunga mtandio, Baltazar akaamuru mikono nyuma. Nikalishwa kama mgonjwa. Ya kwanza: kakao yenye uchungu kidogo, krimu laini. Chereko! Makofi. Ya pili ikakwaruza kama mchanga, sukari tupu. Feki! Nikalitaja jina la hiyo feki kwa sauti: Chereko! Wakacheka. Nikafafanua: siyo Chereko, Chereko! Marieta akauliza, ya ari au ya eli? Nikamjibu waziwazi: ya eri! Wakagaagaa chini. Kilugha chetu hakina hiyo herufi L, na tumeishi vizuri tu bila yake. Baltazar akaondoka na jogoo kwapani: "Kwaheri, kaka Ulimi." Jogoo naye akawika. Msaliti.

Jumapili, 15 Juni
Kipaimara. Ugali na furu, visamaki vya ziwani. Mama kauliza jogoo yuko wapi. Nikasema katoroka, inaelekea karudi Butiama. Lucy, na gauni lake jeupe, akasali kabla ya kula, akamwombea jogoo afike salama. Nikaitikia: Amina.
Ulimi wangu haukukosea. Waliokosea ni watunga majina. Nakiri kimoja tu: lile paja lilikuwa la Lucy, halikuwa langu la kuwekea dau. Ndiyo maana nimemwita Baltazar kwa marudiano kesho, nimkomboe jogoo. Safari hii ni soda: Malaika, na ya kuiga, Maraika.
Naweka bata wa mama.