Sampuli ya Laini na Stoo ya Bi Mhuri

Laini hakuwa mwizi. Mwizi huchukua kitu wakati mwenyewe hayupo. Laini alikuwa na adabu ya kusubiri mwenyewe awepo, akae vizuri, kisha atoe kwa mikono yake miwili na kushukuru juu yake. Jina la Laini alipewa na watu aliowahi kuwauzia vitu, na walilitaja kwa uchungu.

Asubuhi moja alikuwa amejinyoosha kwenye kochi la dada yake akisubiri chai, alipomwona dada akiandika juu ya kitu chembamba cha kijivu. Dada alikuwa mfasiri wa nyaraka na macho yake yalikuwa mabovu. Akiikodolea macho kompyuta nusu saa, kichwa kilimgonga mpaka jioni.

"Hicho nini?" Laini akauliza.

"Kishikwambi cha kuandikia. Kioo chake hakiwaki, kimekaa kama karatasi. Naandika kwa mkono, chenyewe kinatunza."

"Shilingi ngapi?"

Dada akataja bei. Laini akaketi wima.

"Kwa hela hiyo si ungenunua madaftari ya kufungulia shule?"

"Ningenunua. Nimejinyima mwaka na nusu kwa ajili ya haya macho, na sijutii. Lakini mtu asiye na cha kuandika akikinunua, amenunua kioo cha bei mbaya."

Hapo Laini akasahau chai. Mji mzima, akawaza, umejaa watu wasio na cha kuandika ambao wangetoa chochote ili waonekane wanaandika.

"Niazime mpaka saa kumi," akasema. "Kuna rafiki yangu anataka kukiona kabla hajanunua chake."

"Humo mna kazi yangu ya wiki tatu. Mteja anaitaka kesho asubuhi. Ikipotea nampoteza, na ndiye anayenilipia kodi ya nyumba."

"Dada, ni mimi huyu."

"Ndiyo maana nasita," dada akasema, lakini akampa. Alimlea mdogo wake tangu ana miaka tisa, na mtu uliyewahi kumfunga vifungo vya shati ni vigumu kumnyima kitu.

Kutoka hapo Laini alipita duka la vitu vya watoto, akanunua vibao kumi na viwili vya kuchorea. Ni vile ambavyo mtoto anachora juu yake kwa kijiti, akibonyeza kitufe michoro yote inafutika. Bei ya vyote kumi na viwili haikufika bei ya viatu alivyovaa. Akabandua picha ya dubu kwenye kila kimoja, akapaka fremu rangi nyeusi, akasubiri zikauke, akavifunga kwenye maboksi mazito yanayotia heshima.

Mteja aliyemlenga alikuwa mwenyekiti wa chama cha akiba cha wauza samani, chenye kamati ya wajumbe kumi na wawili. Laini alikuwa amewahi kuiona ofisi yake: meza kubwa kuliko zote katika jengo lile, na juu yake hapakuwa na karatasi hata moja.

Mwenyekiti akakigeuzageuza kishikwambi cha dada. "Kinapiga muziki?"

"Hakipigi, mzee."

"Kina picha za rangi?"

"Hakina."

"Simu je?"

"Wala."

"Sasa hii bei yote ni ya nini?"

Laini akasogeza kiti, akashusha sauti kama anayetoa siri ya ukoo. "Mzee, simu ya rangi na muziki anayo hata mlinzi wako hapo getini. Hiki ni cha watu wanaofikiri. Wanaofikiri hawahitaji rangi."

Mwenyekiti akatazama nje kwa muda, akijaribu uso wa mtu anayefikiri. Ulimkaa vizuri. "Na wajumbe wangu kumi na wawili?"

"Kila mmoja na chake. Na kwenye bei ya kila kimoja, kuna fungu dogo la kukushukuru wewe kwa usumbufu."

"Usumbufu ni mwingi kweli," mwenyekiti akakubali, akatia saini. Malipo yawe taslimu, siku hiyo hiyo. Kilichobaki ni mhuri wa stoo, jambo la dakika mbili.

Stoo ilikuwa chumba kirefu chini ya ngazi, na mtunzaji wake alikuwa mama mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Jengo zima lilimwita Bi Mhuri. Akahesabu maboksi, kisha akanyoosha mkono kwenye kishikwambi kilichobanwa kwapani mwa Laini.

"Na hicho?"

"Hiki changu, mama. Cha kuonyeshea tu."

"Ndicho alichokiona mwenyekiti?"

"Ndicho."

"Basi ndiyo sampuli. Inalala hapa na mzigo. Siku saba tunalinganisha, ikiwa sawa unalipwa."

Utaratibu huo ulikuwa na historia ambayo chama hakikupenda kuisimulia. Miaka ya nyuma, wauza samani hawa, watu waliozaliwa kwenye harufu ya maranda, waliuziwa viti vya ofisi: sampuli ya mbao ngumu, mzigo wa maranda yaliyogandishwa kwa gundi. Mkutano mkuu wote ulianguka chini siku moja. Tangu hapo hakuna sampuli iliyotoka mbele ya macho ya Bi Mhuri.

Laini akapiga hesabu. Akikataa kuiacha, maboksi yatafunguliwa pale pale. Akatabasamu kwa taabu, akatoka nje mikono mitupu.

Alizunguka mitaa mpaka miguu ikauma. Alijaribu kutunga uongo wa kumwambia dada, na kwa mara ya kwanza katika kazi yake kila alioutunga ulimchukiza. Akilini alimwona ameinama juu ya karatasi za kawaida usiku kucha, akirudia kazi ya wiki tatu kwa macho yale. Aliona aibu, aibu ya kweli, na hakuizoea.

Saa tisa na nusu akarudi stoo.

"Kuna njia moja," Bi Mhuri akasema, akatoa fomu yenye nakala mbili chini yake. "Sampuli hutoka kabla ya siku saba kama muuzaji mwenyewe ameandika kwamba hailingani na mzigo. Eleza yote. Kalamu hiyo hapo, kandamiza vizuri."

Laini akaandika kwamba mzigo haulingani.

"Haulingani vipi, baba?"

Akaandika: ni vibao vya watoto.

"Nilijua. Mjukuu wangu anacho, ila chake kina dubu. Na mwenyekiti alikuwa apate nini?"

Akaandika na hilo.

"Sampuli ni ya nani?"

Kalamu ikasimama. Mkono wake haukuwahi kuandika ukweli wa mistari mitatu mfululizo. Akaandika: *Ya dada yangu. Nilimdanganya.* Akatia saini, jina lake lote kama lilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa.

Bi Mhuri akagonga mhuri mara tatu, akampa nakala moja.

"Na kishikwambi, mama?"

"Hakipo. Ukurasa wa kwanza una jina na namba ya mwenyewe. Nilimpigia, akaja saa nane na risiti yake. Nikampa."

Laini akamkodolea macho. "Sasa mbona umeniandikisha yote haya?"

"Dada yako aliniomba. Anasema hajawahi kusikia ukweli wako, walau ausome. Vibao vyako tumevipokea kama zawadi. Hii nakala nyingine nitaipeleka kwa mwenyekiti mwenyewe. Miaka sita namwomba feni ya humu ndani."

Nyumbani, dada alikuwa mezani na kishikwambi chake. Hakuinua kichwa. Laini akaweka ile karatasi mbele yake, akasimama kama mtuhumiwa.

Dada aliisoma polepole, akafika mstari wa mwisho, akakaa nao. "Kapike chai," akasema. Sauti yake haikuwa kavu.

Laini alipika kwa muda mrefu kuliko chai inavyotaka. Aliporudi na vikombe, dada akamsukumia karatasi.

"Ichane. Nimekusamehe."

Laini akaichana vipande vidogo kuliko kucha, pumzi zikimtoka. "Sitarudia, dada. Na kazi ya mteja?"

"Nilishaimaliza. Ulipokuwa jikoni nilikuwa naifasiri hii yako."

Akamgeuzia kishikwambi. Maungamo yake yalikuwa pale, neno kwa neno, kwa mwandiko mzuri wa dada, na chini yake yamerudiwa kwa lugha nyingine tatu.

"Kwa nini tatu?" Laini akauliza.

"Nakufahamu, mdogo wangu. Ukikosa watu wa kuwauzia hapa, utavuka mpaka."