Vita vya Fundo la Nyuma ya Sikio la Nell

Sogeeni, enyi mliowahi kushika chanuo asubuhi ya siku ya shule huku mtoto akilia kana kwamba anachinjwa; sogeeni nanyi mliowahi kufungua kamba ya kiatu kwa meno. Aliye na sufuria jikoni aipunguzie moto, aliye na mtoto mgongoni ambembeleze, kwa maana nitakayosimulia si mambo ya kusikilizwa kwa sikio moja. Ni habari za Ailsa, mke wa Innes Laidlaw, jemadari wa jiko na bingwa wa chanuo, ambaye Jumamosi moja ya mwezi wa Machi, kati ya saa nane na saa kumi mchana, katika nyumba ya mawe chini ya vilima vya kusini mwa Uskoti, alipigana na fundo lenye ukubwa wa ndimu, wala hakurudi nyuma.

Fundo hilo lilijificha nyuma ya sikio la kushoto la Nell. Na Nell, kwa wasiomjua, ni mbwa wa aina ya Koli, mwenye umri wa mwaka mmoja na nusu, pua ndefu kama ya mtu mwenye maswali, mgongo wa rangi ya mchanga na kifua cheupe kama shuka iliyoanikwa juani. Binti wa mbwa waliochunga kondoo katika mvua inayopiga ubavuni tangu zamani za zamani.

Alikuwa kwa Ailsa kwa majaribio. Maana katika nchi ile wapo wanaodhani huenda kwa Bi Mina Scoular, mfugaji wa Koli, kuchagua mbwa, kumbe Bi Mina Scoular ndiye anayechagua watu. Mwanamke huyo mfupi, wa miaka sabini na mmoja, mwenye buti za mpira na macho ya hakimu, aliwasimamisha Ailsa na mumewe uani kwake na kuwahoji kama wezi.

"Nani anashinda nyumbani?"

"Mimi," Ailsa akajibu. "Ila Jumanne na Alhamisi jioni ninakwenda darasa la watu wazima. Basi bibi yake mtoto anabaki."

"Mnajua Koli anabweka?"

"Mama yangu naye anabweka," Innes akasema. "Tumezoea."

Bi Scoular hakucheka. Innes akamwonyesha kidume kimoja kilichokuwa kikivuta kamba za kiatu chake kwa nguvu za simba. "Mimi namtaka huyu. Ana moyo."

"Huyo ni wa mtu anayepanda mlima mbio kila siku. Wewe unapanda?"

Innes akalitazama tumbo lake. Wakati huo huo Nell, ambaye hakuulizwa na mtu, alikuja polepole, akakalia miguu ya Morven, binti yao wa miaka saba, akamwegemea kama mtu aliyefika kwao. Hapo ndipo Bi Scoular alipolainika, kidogo sana.

"Wiki mbili," akatangaza. "Jumamosi ya pili, saa kumi kamili, nitakuja kunywa chai. Nitatazama mambo mawili. Manyoya: apigwe brashi, nyuma ya masikio, kwapani, mapajani, nisikute fundo. Mkasi hapana. Mashine hapana. Manyoya ya Koli yana tabaka mbili, la nje linazuia mvua na la ndani linazuia baridi. Ukiyanyoa umemvua nyumba yake. La pili ni chakula: nilichoandika kwenye karatasi, basi. Vitu vitamu marufuku. Nikikuta kinyume, ninaondoka naye, na msinililie."

Hakuwa mtu wa vitisho vitupu. Kiangazi kilichopita akina Elliot wa ng'ambo ya kijito walimnyoa Koli wao kwa sababu walimwonea huruma ya joto. Bi Scoular aliwafuata akaondoka naye kwenye gari, mbwa amebaki uchi kama kuku wa kuchemshwa, na hadi leo akina Elliot wakiingia dukani watu huulizia joto.

Sasa mwaweza kuuliza: mbwa tu, kwa nini Ailsa akose usingizi? Ni kwa sababu ya Morven. Mtoto yule shuleni akiambiwa asome kwa sauti hufunga mdomo kama mkebe, na mwalimu alikuwa ameandika barua mbili. Lakini usiku wa tatu tangu Nell afike, Ailsa alipita kizani akasikia sauti chumbani. Morven alikuwa sakafuni, kitabu magotini, akimsomea Nell kurasa nne nzima. Alipokosea, Nell hakumsahihisha. Alipumua tu, akangoja. Ailsa alisimama pale kwenye ngazi na kikapu cha nguo mpaka mkono ukafa ganzi. Akaapa moyoni kwamba mbwa huyu hatatoka humu.

Alikuwepo hata hivyo adui wa ndani. Bibi Jessie, mama yake Innes, mwenye nyumba na malkia wa kiti cha pembeni mwa jiko, alikuwa ametoa tamko siku ya kwanza kabisa.

"Nimefuga mbwa kumi na wanne," alisema, "na wote walilala zizini, wakashukuru. Huyu analala kwenye zulia! Manyoya kwenye supu, manyoya kwenye soksi. Atanichosha huyu kabla ya Pasaka."

Basi ikafika ile Jumamosi. Ailsa alikuwa amempiga Nell brashi hadi Jumatano bila kukosa. Alhamisi alikuwa na mtihani wa hesabu darasani, Ijumaa alilala mezani na kalamu mkononi. Saa nane mchana akapiga magoti kwenye zulia kwa ukaguzi wa mwisho, akapapasa nyuma ya sikio la kushoto, na vidole vyake vikagonga kitu kigumu kama jiwe.

Saa mbili tu zimebaki.

Akavaa aproni yake ya maua, ambayo ndiyo ngao ya ukoo, akatwaa chanuo la chuma, akalishambulia fundo kutoka kaskazini. Halikutikisika. Akalishambulia kutoka kusini, unywele mmoja mmoja, ameshika shina kwa vidole ili ngozi isivutwe. Jino moja la chanuo likapinda na kuanguka vitani. Akaleta unga laini wa mahindi, akaunyunyiza kama alivyosoma, ukaenea jikoni kama vumbi la majeshi mawili, na Nell akapiga chafya iliyompa Bibi Jessie mvi mpya. Fundo likabaki pale pale, sasa likiwa jeupe.

"Ewe fundo," Ailsa akalinong'oneza, jasho likimdondoka, "mimi nimezaa kwa saa thelathini na moja. Nimejifunza asilimia baada ya kuosha vyombo vya watu wanne. Nimeishi na mama mkwe miaka mitano chini ya paa moja. Wewe ni nani hasa, unipande kichwani?"

"Nimekusikia," akasema Bibi Jessie kutoka kitini, bila kuinua macho kwenye kufuma kwake.

Hapo mlango wa nyuma ukafunguka, akaingia Innes, Innes wa Mikono Myepesi, bingwa wa wilaya mara mbili wa kunyoa kondoo, mtu anayemwangusha kondoo na kumvua koti lake lote kabla hujamaliza kupiga miayo. Na mkononi, ole wetu, alikuwa na mashine.

"Dakika moja tu, mke wangu. Simnyoi wote. Ninaondoa kipande."

"Akina Elliot nao walianza na kipande."

"Mimi si Elliot! Mimi ni bingwa."

"Wa kondoo, Innes! Wa kondoo! Huyu umemwona ana pembe? Kama mikono inakuwasha, nyoa hizo ndevu, mgeni anakuja."

Innes akaiwasha mashine, ngrrr, kwa kujaribu tu. Lakini Nell alikuwa ameinuka. Na chanuo likining'inia sikioni kama hereni, mbwa yule alifanya kazi ya mababu zake: akazunguka nyuma ya Innes, akamsukuma visigino kwa pua, kushoto, kulia, kushoto, hata bingwa wa wilaya akajikuta amechungwa mpaka ukumbini, mashine juu kifuani, na hajui alifikaje. Nell akarudi, akalala kwenye zulia, akainua sikio. Kama kusema: endeleeni.

"Morven," Ailsa akaita, "njoo umsomee mwenzio atulie."

Mtoto akaja na kitabu chake, akakaa karibu na kichwa cha Nell. Akasita, kwa kuwa bibi yupo. Nell akamlamba goti. Basi akaanza, kwa sauti ndogo, hadithi ya sungura aliyepoteza kofia, na kila ukurasa sauti ikakua kidogo. Kule ukumbini mngurumo ukakatika. Innes alikuwa ameizima mashine. Hakuwahi kumsikia binti yake akisoma. Akashuka taratibu, akakaa sakafuni ameegemea ukuta, mdomo wazi, asithubutu hata kukohoa.

"Jaribu maji ya uvuguvugu," akasema Bibi Jessie ghafla.

Ailsa akageuka. Tangu saa nane kikongwe huyo hakuwa ametoa dharau hata moja kwa mbwa, na hilo pekee lingetosha kumshtua mtu.

"Maji, mama?"

"Unga hauwezi kitu pale. Maji ya uvuguvugu. Mimi nasema tu."

Ailsa akalowesha kitambaa, akakibana kwenye fundo, akahesabu hadi mia. Likalegea. Kwa mara ya kwanza adui akayumba! Akabana tena, na tena, akipenyeza chanuo kidogo kidogo, na saa ya ukutani ikionyesha dakika kumi na tano zilizobaki, kisha kumi, kisha saba. Morven akaacha kusoma, akanusa.

"Mama, fundo linanukia kama aproni ya bibi."

Sindano za kufumia zilisimama.

Kwa pigo la mwisho chanuo likateleza kutoka shina hadi ncha, shwaaa, kama kisu katika siagi, na fundo likadondoka kwenye kiganja cha Ailsa. Ndani yake, likiwa limevikwa manyoya, lilikaa pande la pipi ya sukari, siagi na maziwa mazito, pipi ambayo katika nyumba ile ni mikono miwili tu inayojua kuipika, na huipika kila Alhamisi kwa ajili ya mnada wa kanisa.

"Mama," Ailsa akasema polepole, "Alhamisi nilipokuwa kwenye mtihani..."

Ngo ngo ngo. Mlangoni. Saa kumi kamili.

Ailsa akatumbukiza ushahidi mfukoni mwa aproni. Bi Scoular akaingia na buti zake, akakataa keki, akapiga magoti kwenye zulia lenye unga kama mtu aliyekuja kuswali. Vidole vyake vikapita kwapani, mapajani, chini ya mkia, nyuma ya sikio la kulia. Nyuma ya sikio la kushoto vikasimama.

"Hapa kulikuwa na fundo."

"Lilikuwepo," Ailsa akasema. "Nilikosa siku mbili. Ni kosa langu. Limetoka kwa chanuo, kazi ya saa mbili. Sijakata hata unywele."

Bi Scoular akaliinua chanuo lenye jino lililovunjika, akalitazama muda mrefu. Kisha akainama, akalinusa sikio, na uso wake ukabadilika.

"Na nani anampa huyu mbwa sukari?"

Ailsa akafungua mdomo. Morven akaushika mkono wa mama yake. Lakini Nell, ambaye hajui kusema uongo na hajui kunyamaza, aliinuka, akavuka jiko zima, akaweka mguu wake wa mbele juu ya paja la Bibi Jessie, na kuukazia macho mfuko wa sweta yake.

Hapo adui wa ndani akasimama, amejinyoosha kadiri magoti yalivyomruhusu.

"Ni mimi!" akanena Bibi Jessie. "Kila Alhamisi, na Jumapili baada ya ibada. Anakuja ananitazama na yale macho, mtu afanye nini? Juzi alikimbia na kipande, kikamponyoka, akakilalia. Nikaona haya kusema. Kosa ni langu, si la msichana huyu, ambaye tangu saa nane amepiga magoti hapo hadi nimemwonea huruma. Mbwa mwache. Mtoto amesoma leo, umesikia wewe? Amesoma mbele yangu! Ukitaka kuondoka na mtu, nichukue mimi."

"Wewe siwezi kukulisha," Bi Scoular akasema. "Unabweka mno."

Kutoka ukumbini kikasikika kicheko cha Innes kikikabwa na mkono.

Bi Scoular akavuta kiti, hatimaye, na kuikubali keki. "Fundo kila nyumba litatokea," akasema. "Nilikuwa natafuta nyumba yenye mtu wa kukaa nalo saa mbili. Mbwa anabaki. Ila wewe, Jessie: kila Alhamisi, badala ya pipi, brashi. Nyuma ya masikio yote mawili." Akatoa mfukoni chanuo lake mwenyewe, la chuma, lililong'aa kwa miaka arobaini ya kazi, akaliweka mbele ya Ailsa kama anayekabidhi upanga.

Kengele za kanisa hazikulia siku ile, wala vilima havikusujudu, na mvua ilianza kunyesha kama kawaida yake. Lakini ushindi ule umeandikwa. Upo hadi leo kwenye kalenda ya bucha iliyobandikwa mlangoni mwa jokofu, chini ya "Innes, meno, saa tatu", kwa penseli ya zambarau na herufi za mkono wa mtoto. Na jioni ile mwandishi wake alisimama juu ya kigoda mbele ya baba, mama, bibi na mbwa, akausoma kwa sauti, bila kukosea:

"MAMA AMESHINDA. NELL NI WETU."