Kiti Kilichoangalia Ukuta

Nimejiaibisha leo, mchana kweupe, nikiwa nimevaa kanzu.

Nitaeleza kwa utaratibu, maana mtaa mzima wa Buyenzi tayari unaeleza bila utaratibu.

Nina karakana ndogo ya kushona viti vya magari. Fundi wangu mkuu ni Ramadhani. Jana aliniambia anahamia kazi kwa tajiri mmoja wa mtaa wa Mutakura. Nikamuuliza sababu.

"Muzee, we hausikilizake mutu. Mi nikianza kusema..."

"Si kweli!" nikamjibu. (Naam. Kabla hajamaliza.)

Bila Ramadhani sina karakana; nina mashine na uzi tu. Kwa hiyo jana jioni nilijifunza kusikiliza kama nilivyojifunza kila kitu maishani: peke yangu, kwa kusoma. Nikasoma kwenye simu kwamba kiongozi mzuri huketi uso kwa uso na mfanyakazi wake, bila meza katikati. Hamkatizi. Humtazama machoni. Kisha hurudia alichoambiwa, ili mwenzake ajue amesikika. Nikafanya mazoezi mbele ya kioo. Mke wangu akauliza kama naumwa.

Leo Ijumaa, kabla ya swala, nikamwita Ramadhani. Kwetu hakuna viti vya kukalia. Tunakalia vya wateja, vilivyong'olewa kwenye magari. Ramadhani alikuwa amekalia kimoja. Kingine kilikuwa kinaangalia ukuta. Nikakigeuza kimwelekee, uso kwa uso, nikaketi.

Hapa inabidi mjue jambo moja. Karakanani kwetu, kiti kilichopakwa gundi kikisubiri ngozi hugeuzwa kiangalie ukuta, ili mtu asikikalie. Sheria hiyo niliiweka mimi. Na harufu haikunishtua, kwa sababu pale pananuka gundi tangu asubuhi hadi jioni.

"Muzee," akasema Ramadhani, "simama."

Nikamtazama machoni. "Unaniambia nisimame."

"Ndiyo. Simama!"

"Naona jambo hili ni la haraka kwako."

"Muzee, iko kole! Kole ku kiti!"

"Unasema kuna gundi kwenye kiti." (Nililisema kwa mdomo wangu mwenyewe! Nilikuwa nahakikisha nimerudia maneno sawasawa. Maana yake sikuwa nimeifikia.) "Na hilo linakufanya ujisikieje?"

Ramadhani akashika kichwa. "Vibaya, Muzee! Vibaya sana!"

Nikafurahi. Hatimaye ananifungulia moyo.

Hapo akaingia mteja mwenye kiti hicho, Mama Aline, anayeleta mawese kutoka Uvira. Nikainuka kumsalimu kwa heshima. Kiti nacho kikainuka.

"Ee Mungu wangu! Baba, kiti yangu unaipeleka wapi?"

Nilitaka kumjibu, lakini kanzu ilitangulia: ikachanika kuanzia kiunoni hadi chini. Kiti kikaanguka na nusu ya kanzu nyeupe. Ndani nilikuwa na bukta. Rangi yake sitaitaja.

"Apana, Baba," akasema Mama Aline, akigeukia ukuta kwa adabu. "Mi nilisema cover nyeusi."

Adhana ikasikika. Kurudi nyumbani kubadili nguo kungenikosesha swala. Ramadhani akachukua salopeti, ovaroli yake safi ya kazi, kwenye msumari, akanivalisha na kunifunga vifungo. Tukatoka kwa miguu, yeye pembeni yangu. Watu wakasalimia. Wengine wakasalimia tena, ili waangalie vizuri.

Niliinamisha kichwa. Basi Ramadhani akaanza kusema.

Akasema mvua inadondokea juu ya mashine yake. Kila ikinyesha huifunika kwa koti lake, na yeye analoa. Alijaribu kuniambia tangu mvua za kwanza, na kila mara nilimjibu kabla hajafika kwenye neno mabati.

Sikurudia alichosema. Sikumtazama machoni pia.

"Inavuja upande gani?" nikauliza.

"Wa mulango."

Baada ya swala tukapita dukani. Mabati yako uani sasa hivi. Ramadhani amepanda juu anapiga misumari. Nilipomuuliza kuhusu Mutakura, alijibu bila kugeuka: "Nitabakia, Muzee. Lakini nikisema simama, simama."

Mama Aline bado anasubiri kiti chake. Kwanza lazima nikikwangue kanzu.

Mkinikuta njiani, nawaomba, msicheke. Na asiniulize mtu najisikiaje.