Laini Moja ya Simu na Nyumba ya Oddný

Jumamosi, 18 Oktoba 1975

Na ndiyo maana nasema si haki. Hotuba ya Ijumaa apewe Ragnheiður, mwenye sauti ya mlango usiotiwa mafuta, halafu mimi nipewe birika! Mimi! Niliyesifiwa shuleni kwa kughani mashairi mbele ya mchungaji!

Tulikutana jikoni kwa Hallbera, nyuma ya chumba cha simu. Hallbera ndiye anayeunganisha simu za kijiji na za bonde letu zima. Hana cheo katika kamati ya Ijumaa. Hapandi jukwaani. Lakini hakuna anayeamua jambo kabla ya kumtazama usoni. Ajabu.

Ijumaa wanawake wa Iceland nzima wataacha kazi, za mshahara na za nyumbani, ili ionekane ni nani wanaoibeba nchi hii. Hallbera alikanda unga wa mandazi huku akigawa shughuli. Nani akamue ng'ombe alfajiri. Nani ampitie nani kwa gari. Kisha akanigeukia. Wewe kipenzi utapika kahawa, akasema, na uende ukakae na Oddný.

Oddný ni mjane. Watoto watatu. Anakata samaki kiwandani na anaishi katika nyumba ya kiwanda. Anaogopa kwamba asipoonekana kazini Ijumaa, msimamizi Ketill atamtoa humo. Wenzake wote wanamtazama yeye. Akibaki kazini, nao watabaki.

Nikauliza nikamwambie nini. Hallbera akasema nisimwambie kitu. Nimsaidie kushona matumbo ya kondoo ya soseji za damu, na mdomo niufunge.

Kukaa tu! Hiyo ni kazi ya paka.

Eyvindur wangu alinisubiri nje. Tumeoana majuzi tu, na kila nikimwona moyo unaruka kama samaki mtoni. Hata vidole vyake vina vinyweleo vya dhahabu! Nikamweleza dhuluma niliyotendewa. Akasema yeye anaipenda sana kahawa yangu. Malaika.

Jumatatu, 20 Oktoba

Mpango upo tayari! Nitampigia binamu yangu Steinunn, katibu wa kamati. Nitamwambia nimemshawishi Oddný kwa ufasaha wangu. Steinunn hana kifua, atatangaza. Watu watasema: mwenye ulimi kama huu ndiye wa kuhutubia.

Kweli, kwa Oddný sijafika. Lakini nitafika.

Tatizo ni laini. Bonde zima tuna laini moja. Kila nyumba ina mlio wake, na ukisikia mlio wa jirani unainua mkono wa simu taratibu, unabana pumzi, unasikiliza. Si umbeya. Ni ujirani. Ila nimegundua wakati salama: matangazo ya vifo na mazishi redioni! Nani ataacha kusikia nani kafa ili anisikilize mimi?

Jumanne, 21 Oktoba

Nimepiga. Nilisema vizuri mno! Nilisema Oddný anakuja, tena kwa furaha, na kwamba anamwita Ketill mbwa asiye na meno. (Hakusema. Lakini ilipendeza kuongezea.)

Katikati ya maneno nikasikia saa ya ukutani ikigonga ndani ya simu. Sisi hatuna saa ya ukutani. Steinunn naye hana.

Gróa anayo. Mama yake Ketill. Wanaishi pamoja.

Eyvindur ananiambia nisiwe na wasiwasi, yule bibi ni kiziwi. Nimembusu kwa hekima hiyo.

Jumatano, 22 Oktoba

Si kiziwi.

Alimweleza mwanawe wakila chakula. Ketill akaenda hadi mlangoni kwa Oddný. Wanasema hakupaza sauti, hata kofia alivua. Akamwambia asiyefika kazini Ijumaa asije Jumatatu, na ufunguo wa nyumba auache mezani. Watoto walikuwa wanakula.  Oddný alifunga mlango polepole, kama mtu anayefunga nyumba yenye maiti.

Sasa wanawake wote wa kiwandani wamesema Ijumaa hawaachi kazi.

Hallbera alinipigia. Akauliza kama nilikaa na Oddný. Nikasema barabara ilikuwa mbaya.  Nikasikia bonde zima likipumua. Kisha akasema, "Haya, kipenzi. Pika kahawa nyingi."

Nililia. Eyvindur akanifuta machozi kwa soksi. Ilikuwa safi, au karibu na safi. Nikamwomba aende akampige Ketill. Akasema hawezi, wanaimba kwaya moja.

Alhamisi, 23 Oktoba

Mlio wa Gróa. Nikainua. Nadhani sote tuliinua.

Ilikuwa Hallbera. Nasikia jana alikwenda kwa Oddný, akakaa, akashona matumbo mpaka la mwisho, hakutoa nasaha yoyote. Leo alimuuliza Gróa swali moja tu: kesho nani anampikia Ketill?

Gróa akakohoa. Akasema amempikia tangu azaliwe, na kesho anapumzika. Tena amesikia kuna nyumba inataka kufungwa.

Kumbe umesikia, akasema Hallbera.

"Nina simu, mwanangu. Kosa langu ni kwamba nina mdomo pia."

Kisha akasimulia. Mumewe alipozama, naye alitolewa nyumbani. Ilikuwa Februari. Ketill alikuwa hajui kutembea kwenye theluji, mama akambeba mgongoni hadi kwa watu. "Yeye hakumbuki. Leo nitamkumbusha. Na Oddný akitolewa, atakuja hapa kwangu na watoto wake. Kitanda cha Ketill ni kipana."

 Mahali fulani juu bondeni mtu alipenga kamasi.

Hallbera akasema asante, amemaliza.

Maskini Hallbera! Hakujua kwamba sote tunasikiliza.

Ijumaa, 24 Oktoba

Simu haikulia hata mara moja. Hallbera amefunga chumba cha simu, naye anapumzika. Kimya hicho kilinitisha kuliko dhoruba. Eyvindur alipika uji. Uliungua hadi mfuniko. Shujaa wangu!

Ukumbi ulijaa. Wanawake wa kiwandani waliingia pamoja, wamemweka Oddný katikati. Vifungo vya koti amevikosea. Mikono yake ilikuwa myekundu kwa maji ya chumvi, hakujua aiweke wapi. Ketill ndiye aliyemleta Gróa kwa gari. Hakuingia. Alipompita Oddný mlangoni alimwambia, Jumatatu saa ile ile. Oddný akaitikia kwa kichwa. Hakutabasamu. Nami sikuweza kutabasamu, sijui kwa nini.

Ragnheiður alihutubia. Hallbera alisimama nyuma kabisa, karibu na makoti. Oddný alipoketi, naye ndipo akaketi.

Kahawa niliipika kwa maji ya kuoshea matumbo yetu ya kondoo. Ndoo zinafanana! Wote waliinywa kimya.

Jumamosi, 25 Oktoba. Siku ya kwanza ya majira ya baridi

Nimeamka nikaona kila kitu wazi. Nisingepiga simu, Gróa asingesikia. Gróa asingesikia, Ketill asingekwenda kutisha. Asingetisha, bibi asingekasirika. Kwa hiyo nani aliongoza harakati hizi kutoka nyuma ya pazia? Mimi! Nimemweleza Eyvindur. Akatafakari, akanikumbatia, akasema inawezekana. Hakuna mume kama huyu duniani!

Steinunn anasema chama cha akina mama kinatafuta mwenyekiti. Nimeshamdokezea kwamba Hallbera amechoka na ananiunga mkono. Hallbera nitamjulisha baadaye.

Lililobaki ni Oddný. Maskini, hajui hata ni nani aliyemwokolea nyumba yake. Ni lazima aambiwe, tena kwa kirefu. Nitakwenda kumtembelea kabla mwezi haujaisha.