Dada Alivyoingia Vitani kwa Ajili ya Gitaa Bubu

Sogeeni, enyi wenye masikio, wa karibu waketi na wa mbali wasimame, mpate habari za Dada, fundi cherehani, mtiisha vitambaa, mlinzi wa pindo na vifungo, na jinsi alivyotwaa silaha asiyoijua.

Ilikuwa desturi ya nyumba yetu kila jioni: Dada hupiga pasi nguo za wateja, Kaka huchomeka gitaa lake la umeme, na kabla wimbo haujafika katikati Dada hunena, "Wewe, punguza hilo bati lako." Jioni hiyo gitaa lilikoroma mara moja, likakata kauli. Dada alikwisha kufungua kinywa, akakifumba.

Kaka akatikisa waya, akaipiga spika kofi. Kimya.

"Basi," akasema, "hata lenyewe limenichoka. Kesho jioni nampelekea kinyozi, alitundike ukutani. Sipigi tena. Utapumzika, dada yangu."

"Afadhali," akajibu Dada. Na pasi ikakaa juu ya suruali ya mteja hadi moshi ukapanda.

Kulipokucha, Kaka akiwa kazini, shujaa alifungua mgongo wa gitaa kwa bisibisi ya cherehani, akamwona adui: waya mmoja umeng'oka kwenye soketi ya kuchomekea, umelala kama askari aliyekimbia zamu. Akaenda kuazima chuma cha kulehemu kwa fundi redio.

"Usiichome lehemu yenyewe," fundi akamwonya. "Pasha moto pale inapokwenda kukaa."

"Fundi," akatamka Dada, "mimi nimemshonea suti bwana harusi aliyekuwa akinenepa kila wiki, na siku ya harusi alipumua. Kijiti hiki kitanifanya nini?"

Kijiti kilimjibu. Tone la kwanza la lehemu liliangukia mkeka. La pili liliangukia kidole, na neno alilolisema Dada hapo halitaandikwa katika historia hii. Ndipo akaukumbuka wosia, akapasha soketi kwa subira, na lehemu ikatiririka, ikatulia, iking'aa kama kifungo kipya.

Lakini fundi cherehani hushona mkono kando kabla ya kuuunga begani. Dada naye alikuwa ameing'oa soketi ubavuni, akaubandua na waya wa pili, akazitoa waya zote mbili mgongoni, akazilehemu kwenye soketi mezani kwa nafasi. Makao ya soketi yalikuwa ubavuni, na njia ya kufika huko ni kitundu kinachopitisha waya tu.

"Dada," nikauliza taratibu, "sasa hii inaingiaje?"

Aliipima soketi kwenye kitundu. Kazi ilikuwa safi kabisa, nje ya gitaa.

"Tunafumua," akasema.

Tukafumua. Tukapitisha waya kwanza, tukaanza upya.

Jioni Kaka alikuja kulichukua gitaa. "Lichomeke," Dada akamwambia. Akalichomeka, akagusa uzi mmoja, na vioo vya dirisha vikatetemeka. Iandikwe, basi, wasome wajao: siku hiyo waya ulirejea katika milki yake, na walioumia ni kidole kimoja na mkeka.

"Nani kalitengeneza?"

"Mimi."

"Wewe? Si jana ulisema afadhali?"

Dada alilikunja shati la mteja, akalikunjua, akalikunja tena.

"Nilisema. Nilikuwa nataka kusema usiache kupiga. Napenda kukusikia."